Ngapi kwa Mia, Mwalimu?

Gitega, Alhamisi, baada ya saa ya kuona wagonjwa

Mvua imekataa kunyesha na imekataa kuondoka. Tangu asubuhi imening'inia juu ya Gitega, na baridi inapenya hadi kwenye meno. Wenyeji wa huku juu wamezoea. Mimi niliyetoka Gashoho, ninakofundisha, na sweta moja nimejikunyata kwenye baraza nyuma ya wodi, karibu na mahali ambapo sisi tunaowauguza watu wetu tunapikia, na ninaandika kwa dole gumba. Simu ina asilimia kumi na tisa.

Sitaki kulisikia neno hilo, asilimia, leo. Lakini liko juu ya kioo cha simu, liko kidoleni kwa baba yangu, na asubuhi daktari amenilisha tena kwenye korido kabla sijanywa hata chai.

Basi nianze nalo, maana halitaniacha.

Wanaonisoma wanajua kwamba blogu hii niliifungua kwa ajili ya wanafunzi wangu wa darasa la saba, ikageuka kuwa mahali pangu pa kulalamikia. Somo la mwisho nililoweka hapa liliitwa asilimia katika maisha ya kila siku. Niliandika habari za punguzo la bei kwenye soko la Muyinga, betri ya simu, maharage yaliyoota na yaliyooza. Niliandika kwa furaha, na alama za mshangao kila mahali. Jana nilirudi kulisoma nikaona aibu. Sijui yule mwanamke alikuwa anafurahia nini.

Nimechoka. Nimechoka hata kuandika kwamba nimechoka.

Baba yangu ni mkulima wa Giteranyi. Alikulia Tanzania, akarudi Burundi mtu mzima, na mke, na watoto, na Kiswahili ambacho majirani waliona ni maringo. Shule aliiacha mapema mno, lakini alitoka humo na kitu kimoja ambacho hakukiacha mpaka leo, nacho ni alama kwa mia. Kila kitu kwake kina alama. "Ngapi kwa mia?" ndiyo salamu yake. Mvua ya msimu uliopita aliipa arobaini. Mahubiri ya mchungaji aliyapa sitini, akasema yangefika sabini kama mchungaji angejua kukaa chini mapema. Mama alipokuwa hai, isombe yake, kisamvu cha kwetu, ilipata tisini kila siku, na siku moja Baba alipojisahau akaipa themanini na tano, hatukula kwa amani nyumba nzima.

Hamsini kwake ndiyo mlango. Aliyefika hamsini amepita. Aliye chini yake ameanguka, arudie mwaka. Ndivyo buletini zetu za shule zilivyo, na yeye alizisaini zote kwa mkono uleule mzito, akizisoma kwa sauti mbele ya wageni tutake tusitake.

Asilimia alinifundisha yeye kabla ya mwalimu yeyote. Kabla ya kupanda alikuwa akichukua punje mia za maharage, anazifunga kwenye kitambaa kibichi, anaziweka chini ya kitanda. Zikishaanza kuchipua ananiita nihesabu. Zikiota themanini, anapanda. Zikiota arobaini, anasema hizi ni za sufuria. Nilikuwa mdogo, nikidhani kila mtu duniani analala juu ya maharage.

Na kwa hesabu aliniamini mimi peke yangu. Hili ni lazima niliseme vizuri, kwa sababu ndilo linaloniua leo. Mimi si mwalimu wa kuongeza alama. Wanafunzi wananiita Mama Hakuna Nusu, wanadhani sijui. Mzazi akija kwangu na parachichi kuombea mtoto wake pointi moja, anarudi na parachichi lake. Baba alikuwa akilisimulia hili kanisani kama watu wengine wanavyosimulia muujiza. "Huyu mwanangu," anawaambia, "hata mimi angeniangusha." Watu wanacheka, na yeye anatazama huku na huku kuhakikisha wote wamesikia.

Mapafu yake yaliharibika pole pole kwa moshi wa tanuri la matofali, kazi aliyokuwa akiifanya kila kiangazi baada ya mavuno. Safari hii nimonia ikamkuta humo ndani, mahali ambapo tayari palikuwa pamechoka. Kutoka Giteranyi tulimpeleka Muyinga, na Muyinga wakatuleta hapa Gitega. Njia nzima alikuwa akiniuliza kama nimewaachia wanafunzi kazi.

Tulipofika walimwekea mrija wa oksijeni puani, na kwenye kidole wakambana kile kidude kidogo chenye taa nyekundu kinachosema damu ina hewa kiasi gani. Kwa mia.

Kwa mia!

Ungemwona uso wake. Mtu aliyekuwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika katikati, aliinua kidole kama mwanafunzi anayetaka kujibu. Themanini na sita. Muuguzi alitueleza vizuri na kwa subira, sina la kumlaumu. Mtu mzima wa afya ni tisini na tano kwenda juu. Chini ya tisini ni hatari. Mimi nikaeleza tena kwa maneno yangu. Nikaeleza mara ya pili, kwa ile sauti yangu ya ubaoni. Baba akatikisa kichwa kwa heshima, kama wanafunzi wanavyotikisa wakati hawajaelewa kitu na kengele iko karibu. Nilipomaliza akatazama kidole chake, akasema, "Themanini na sita. Na sikusoma."

Wodi nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Ndugu yangu Deo, aliyebaki Giteranyi na ng'ombe na migomba, alipiga simu, na Baba akamwambia mwenyewe. Deo akalipeleka kanisani. Nasikia walipiga makofi. Themanini na sita, mzee wetu, katika hospitali kubwa ya Gitega! Nilitaka kumpigia Deo nimweleze kwamba alama hiyo ni mbaya, kwamba hapa tunatafuta tisini na kitu. Nikaona, acha wafurahi. Watu wanaomba vizuri zaidi wakiwa na furaha.

Kitanda cha pili, karibu kabisa na chetu, yuko Mzee Rajabu. Ni fundi cherehani wa hapahapa Gitega, mtoto wa mjini, Mwislamu, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri hata katika ugonjwa. Yeye alikuwa anapumulia mtungi wa oksijeni, wakati mrija wa Baba ulitoka kwenye mashine. Mke wake, Mama Zaina, ndiye anayemuuguza. Wazee hawa wawili walizoeana kwa nusu siku. Baba alimfundisha ule mchezo wake, na kesho yake Rajabu naye alikuwa anatoa alama. Uji wa Mama Zaina tisini na mbili. Uji wangu sitini na tano. Godoro thelathini. Wanapeana alama na kukohoa, wanakohoa na kucheka.

Nilipowaacha juzi mchana walikuwa hivyo.

Nilikwenda jikoni, hapa hapa nilipokaa sasa, kukoroga uji. Kuni zilikuwa mbichi. Yaliyotokea sikuyaona, nimeyapata kwa Mama Zaina, ambaye amenisimulia mara nyingi mno, kila mara akianza upya kama mtu anayetafuta mahali alipodondosha ufunguo.

Mtungi wa Rajabu uliisha. Muuguzi alikuwepo, aliona, akatoka mbio kwenda kuleta mwingine. Katika kungoja kule, namba ya Rajabu ikaanza kuteremka. Tisini. Themanini na tatu. Sabini na sita. Baba alikuwa akiitazama. Kisha akatazama ya kwake, ambayo siku hiyo ilikuwa imepanda vizuri hadi tisini na moja, alama ambayo hakuna mtoto wake aliyewahi kuileta nyumbani. Akakaa. Akautoa mrija puani kwake. Akanyoosha mkono, maana vitanda vimekaribiana, akampa Rajabu.

"Mi nilimuambia hapana, mzee, acha!" Mama Zaina ananiambia. "Mi nilishika mukono yake. Akasema mama, mimi nimepita, huyu iko anaanguka, ntakaa na mrija ya nini? Na Rajabu akakataa na kichwa. Alors mzee yako akamuchekesha. Akasema we Rajabu, najua hunywagi pombe, lakini mrija hii iko halali."

Mtu wa mbali hatauelewa utani huo. Kwetu pombe ya ndizi inanywewa chunguni kwa mrija mmoja wa unyasi, umuheha tunauita. Unavuta kidogo, unampa aliye pembeni yako. Anayeushikilia sana wenzake wanaanza kukohoa, wanatazama dari, wanauliza kama amelala. Baba yangu amekunywa hivyo maisha yake yote, Tanzania na Burundi, na hakuna aliyewahi kumkoholea. Alikuwa na mrija, alikuwa ameshashiba, jirani yake ana kiu. Hapakuwa na la kufikiri. Angefikiri, ndipo ingekuwa ajabu.

Hesabu aliyoifanya ilikuwa sahihi pia. Huo ndio wazimu wenyewe. Tisini na moja ni kubwa kuliko hamsini. Ana ziada ya arobaini na moja. Sabini na sita inaporomoka. Mwenye ziada ampe anayeporomoka. Ningempa alama zote.

Niliporudi na uji, muuguzi alikuwa ameshafika na mtungi mpya, Rajabu ameshaunganishwa, na sasa alikuwa anamrudishia Baba mrija wake puani. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Kidoleni sitini na nane. Akaniona. Akatabasamu, akasema kwa hewa kidogo aliyokuwa nayo, "Alikuwa anaanguka."

Nilimpigia kelele baba yangu. Mbele za watu, mtu mzima na mvi zake, mgonjwa. Nani kakuambia umepita? Nilimwambia hivyo. Hapa hamsini si kitu, hapa themanini si kitu, mara ngapi nimekueleza? Alinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye nilipokuwa mtoto, nimevunja kitu na sijui kimekuwaje. Uji ulipoa. Hakuna aliyeupa alama.

Tangu hapo namba yake haijarudi. Wamemwongezea oksijeni kadiri inavyowezekana. Inafika themanini, inachungulia, inashuka. Sabini na nane. Themanini. Sabini na saba. Daktari anasema si ule mrija peke yake, nimonia ilikuwa imeshasambaa, na mapafu yale ya tanuri yangefika hapo tu, leo au wiki ijayo. Labda ni kweli. Labda ni ile huruma ambayo mtu msomi humfanyia mwenzake. Sitajua kamwe.

Kuna somo ninalolifundisha kila mwaka na kila mwaka wanafunzi wanabisha. Kitu kikipungua kwa asilimia ishirini, kisha kikaongezeka kwa asilimia ishirini, hakirudi kilipokuwa. Mia inashuka inakuwa themanini. Ishirini kwa mia ya themanini ni kumi na sita tu. Unabaki na tisini na sita, na zile nne hazina pa kwenda kuzitafuta. Wanapiga kelele darasani, "Mwalimu, ishirini ni ishirini!" Nami huwa nawacheka. Mwaka huu nikirudi nitapiga kelele pamoja nao.

Deo amepiga tena leo. Nikamwambia sabini na nane. "Si mbaya," akasema, "hiyo bado ni distinction."

Nilikata simu. Nimemwambia baadaye ni mtandao.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu. Mzee Rajabu ana tisini na nne. Amekaa kitandani, anakula, jana ameomba wembe achonge ndevu. Kila nikiingia wodini macho yangu yanakwenda kwanza kwenye kidole chake, ndipo kwenye kidole cha baba yangu. Na jana, nilipoona ile tisini na nne inawaka, nilitamani ishuke. Sikutamani afe. Nilitamani tu ishuke kidogo, iwe themanini na kitu, tuwe sawa. Nilimtazama mtu mwema aliyeokolewa na baba yangu, nikamwombea mabaya kwa asilimia.

Yeye anajua. Ananikwepa macho. Mama Zaina naye anajua, na badala ya kunichukia amefua shati la Baba, amelikunja kama jipya, na mchana ameniletea sahani ya wali na maharage. "We mwalimu, kula kidogo. Ukianguka na we, nani atabaki na mzee?" Nilitaka kukataa. Nimekula wote, nimeramba na sahani. Njaa haina aibu.

Asubuhi, korido. Daktari ni kijana, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, kalamu mbili mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Si mtu mbaya. Aliniomba tusogee pembeni, na mtu akikuomba usogee pembeni hospitalini umeshajibiwa. Akasema kwa upole, "Vingt pour cent, madame. Pengine chini ya hapo."

Ishirini kwa mia.

Darasani kwangu mwanafunzi akileta jibu "asilimia ishirini" tupu, nampa sifuri. Asilimia ya nini? Ya shamba, ya magunia, ya watu? Bila "ya nini" hilo si jibu, ni kelele. Basi nikamuuliza daktari, na sauti yangu ikatoka kali kama ya ubaoni, ya nini? Akashangaa kidogo. Akasema, ya wagonjwa kama yeye ambao amewaona.

Nikawapanga. Sikuweza kujizuia, ni ugonjwa wa kazi. Baba watano, wamelala vitanda vitano, wote na mikono ileile ya matofali. Mmoja anarudi Giteranyi. Wanne hawarudi. Lakini mimi sina baba watano. Mimi nina mmoja, na mmoja hagawanyiki, hawezi kurudi nyumbani ishirini kwa mia, mguu na bega.

Nikamuuliza swali la pili. Tukimtoa mrija tukampeleka nyumbani je? Kwa maana Baba alikuwa ameshaniagiza. Jana jioni alinishika mkono akaongea taratibu, akivuta hewa kati ya neno na neno. "Mwana wanje, mwanangu, daktari akikupa alama yangu, usinifiche. Kama nimepita, nitakaa hapa, nitavumilia. Kama nimeanguka, nitolewe huu mrija, apewe anayeweza kupita. Kuna watu wanangoja pale korido, nawasikia wanavyokohoa. Mimi mnirudishe kwenye migomba yangu." Alisema bila huzuni, kama mtu anayepanga nani achunge ng'ombe kesho. Halafu akaongeza, "Wewe hujui kudanganya hesabu."

Daktari akatikisa kichwa. Bila oksijeni, akasema, hata Muyinga hafiki.

Kwa hiyo nilirudi wodini na ishirini mkononi. Nikimpa ishirini yake, ataung'oa mrija mwenyewe, namjua. Ataung'oa kwa adabu, ataukunja, atamuuliza muuguzi yule anayengoja korido anaitwa nani. Na atakufa barabarani kati ya hapa na nyumbani, ndani ya gari la kukodi, mimi nikimshika kichwa, kwa sababu nilikuwa mkweli.

Nikimdanganya, nitakuwa nimemwibia kifo chake mwenyewe, alichokiomba kwa mdomo wake. Migomba yake. Deo. Kaburi la Mama liko pale nyuma ya jiko.

Na huyo anayekohoa korido? Yeye ana baba? Ana binti anayekaa barazani na simu? Nilimpita wakati narudi. Sikumtazama. Sitasema zaidi ya hapo.

Alikuwa macho. Alinisubiri. Mzee Rajabu alijigeuza kuelekea ukutani ili asisikie, na Mama Zaina akatoka nje na kikombe kisicho na kitu.

"Ngapi kwa mia, Mwalimu?"

Nilifikiria sitini. Sitini ingekuwa nzuri, ingempa nafasi ya kupumua. Lakini sitini asingeiamini. Angenitazama mara moja tu, angejua mwanawe amemwonea huruma, na angejua pia kwa nini. Sabini ingekuwa tusi. Hamsini kamili inanuka hongo, mwalimu yeyote anajua, hamsini kamili ni alama ya mtoto aliyesukumwa mlangoni. Nilisimama pale mbele ya kitanda cha baba yangu nikatafuta uongo wenye sura yangu, uongo mgumu, usio na huruma, wa Mama Hakuna Nusu.

"Hamsini na moja," nikasema.

Kile kidude kidoleni kikawaka sabini na saba, kikawaka sabini na sita. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamwinua mgongo, mwepesi mno, nikamshika mpaka kikapita.

"Hamsini na moja," akasema. "Huyo daktari ana mkono mgumu kuliko wako." Akapumua. "Ni kweli?"

"Umeona lini nikiongeza alama, Baba?"

Swali hilo lilitoka lenyewe, kavu, kama ninavyowajibu wazazi wenye parachichi. Akaridhika. Nilimwona akiridhika, usoni, mabegani. Heshima yote niliyoijenga kwa miaka, kila mtoto niliyemnyima nusu, niliitumia yote pale pale kwa sentensi moja.

Akainua mkono wake mwenyewe akauweka sawa mrija puani. Aliubana vizuri, akahakikisha hautoki. "Basi nakaa," akasema. "Aliyepita hatoki darasani." Akalala.

Nimetoka nje nikaja hapa barazani. Sikulia jikoni, kulikuwa na watu. Nimelia kwenye kamba za nguo, uso kwenye lile shati lake alilofua Mama Zaina, ambalo lilikuwa limerudishwa kuanikwa kwa sababu ya unyevu na bado halijakauka.

Deo ameshapata habari, Baba alipoamka amempigia mwenyewe. Jumapili watapiga makofi tena, ingawa kidogo. Hamsini na moja si alama ya kushangilia sana.

Simu ina asilimia sita. Ukungu umeshuka hadi kwenye paa la wodi na mtu mmoja anapuliza moto wa kuni mbichi, moshi wote unanijia mimi. Kupitia dirisha namwona Baba. Mrija uko mahali pake. Kifua kinapanda kwa shida, kinashuka kwa shida. Huko korido yule mtu bado anakohoa, na nimegundua kwamba namsikiliza nikitaka anyamaze, na naogopa atakaponyamaza.

Nimewaandikia sifuri watoto wa watu kwa kosa la kutosema asilimia ya nini. Hamsini na moja ile niliyompa baba yangu ni ya nini?

Sijui. Ameishika na amelala nayo.

Asubuhi ataamka na ataniuliza tena, hawezi kuacha. Nitampa hamsini na mbili.